Nati ya Gari la Baba

Beringi mpya haikumaliza hata mwezi. Gurudumu la mbele la gari la marehemu baba likaanza tena kuvuma, na mama akatoa kauli: likivuma mara ya tatu, gari linauzwa.

Kijeki, kama baba alivyozoea kumwita bintiye, alifunga beringi nyingine na nati mpya ya ekseli, kisha akabaki amepiga magoti uani. Kosa alilijua. Chuoni walimfundisha kwamba nati hii hukazwa kwa kipimo, gari likiwa bado limeinuliwa, kabla beringi haijabeba uzito. Lakini mwezi uliopita alilishusha kwanza, akachomeka bomba refu kwenye spana na kulining'inia, kama baba. Moyo ndio uliomtuma. Alitaka kuisikia tena sauti ya baba ikihema, "Moja... mbili... bado kidogo, malizia wewe!" naye, mtoto wa miaka saba, anadandia bomba, miguu ikielea.

Akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga.

"Unacheka na vyuma?" mama aliuliza kutoka mlangoni. "Na bomba la baba yako mbona umelitupa kule?"

"Leo natumia spana ya kipimo, mama."

"Ehe, msomi! Mwenzio alikaza kwa mkono miaka thelathini."

"Na miaka thelathini ulimwambia gari linanguruma kama mashine ya kusaga."

Mama akaangua kicheko. "Naye baba yako ananijibu eti nina masikio mabovu!"

"Njoo basi unikanyagie breki, ekseli isizunguke nikikaza."

Kicheko kikakatika. Tangu msiba, mama hakuwahi kuugusa mlango wa dereva. Akavua kandambili, akapanda taratibu. Kiti kilikuwa bado nyuma kabisa, kwa ajili ya miguu mirefu ya baba. Ikabidi ajisogeze hadi ukingoni ndipo akaifikia breki.

"Usiachie, mama."

"Nani kaachia? Kaza!"

Kijeki akavuta polepole mpaka spana ikalia ka! kipimo kimefika. Mikono ilimwasha aongeze kile kidogo cha baba. Akaizuia. Akafunga tairi, akalishusha gari, akashika usukani, mama kando yake.

Walizunguka mtaa mzima. Mama alikuwa ametega sikio. Hakukuwa na mvumo wowote.

"Haliuzwi," alisema mwishowe, akageukia dirishani. "Lakini kimya hiki, mwanangu... nitakizoea lini?"