Bonge na Maji ya Ubatizo

Msinicheke, lakini mume wangu, yule mchinja ng'ombe ambaye mtaa mzima unamwita Bonge, alikuwa anaogopa maji. Fahali hamtishi hata kidogo. Ila kuoga ni kwa kopo, na uso anaupangusa kwa kitambaa. Utotoni alitumbukia mtoni na rafiki yake. Yeye akatolewa, mwenzake hakutolewa. Na kanisa letu linabatiza kwa kumzamisha mtu mzimamzima.

Mara mbili alifika kwenye birika la ubatizo nyuma ya kanisa, mara mbili akageuka. Kuamini alikuwa ameamini, tena kunishinda mimi: aliacha matusi machinjioni, akapatana na jirani ambaye mimi hata salamu nilikuwa simpi. Ubatizo aliutamani mpaka analia chumbani, na roho ilikuwa inaniuma kumwona hivyo.

Kwa Jumapili ya mara ya tatu nilimshonea kanzu nyeupe kwa shuka mbili, maana moja haikumtosha. Kaka yangu akakaa mbele makusudi.

"Shemeji, leo unabatizwa au unanawa mikono tu?"

Watu wakaangua kicheko. Nilimkata jicho hilo, akajidai anafunga kamba za viatu.

Bonge akashuka ngazi, maji yakamfika kiunoni, akaganda hapo huku ameng'ang'ania chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili.

"Mchungaji," akasema, "kuzikwa na Kristo nimekuelewa. Ila nikishazama, wewe na wembamba huo utaniinua vipi?"

"Atakayekuinua si mimi, ndugu yangu. Ni yule aliyemfufua Kristo."

"Baba watoto, mwachie Mungu!" nikapaza sauti.

Wapi! Mguu ulishapanda ngazi, anarudi. Machozi yakanitoka, maana nilijua safari hii akitoka, basi tena.

Mchungaji, aliyekuwa amesimama majini, akapiga hatua amshike mkono, akateleza. Chubwi! Akazama penye kina, joho likamfunika kichwa, akawa anatapatapa. Sisi wa kando tukabaki kupiga mayowe, kaka yangu akituongoza.

Bonge hakupiga yowe. Aliachia chuma akajitosa, kichwa na vyote, tukabaki tunaona kanzu imetanda juu ya maji. Kisha akaibuka, kamkumbatia mchungaji kifuani, naye mchungaji anakohoa lakini mzima. Bonge akajipapasa uso uliolowa.

"Nilikuwa chini," akasema kwa mshangao. "Nilikuwa chini kabisa!"

Mchungaji akatema maji, akavuta pumzi. "Huko ulikuwa unaniokoa mimi, ndugu. Sasa nikubatize?"

"Nibatize."

Akazamishwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Hakushika chuma wala mtu; mikono aliikunja kifuani, katulia. Akaibuka huku ananguruma: "Tena, Mchungaji! Nizamishe tena!"

"Mara moja inatosha, ubatizo ni mmoja!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, mimi sijawahi kuvisikia hata harusini kwangu. Kaka yangu analia, kamasi zinamtoka, hana habari. Mimi sikungoja mtu atoke. Nilishuka ngazi na viatu vyangu miguuni, nikamkumbatia mume wangu mlemle majini.

"Mama watoto," akaninong'oneza, "Mungu hakuniacha kule chini."