Vitambaa Arobaini

“Hivi vimeenda na kurudi leo hii hii, Mama Pasi,” dereva wa gari la nguo alisema, akitua kapu miguuni pake. “Ndege imeruka saa mbili, saa tano imeshatua. Hata uchafu haujapata muda wa kuingia.”

Mama Pasi alicheka. Miaka minane alikuwa akinyoosha vitambaa vya viti vya ndege, pale abiria wanapoegemeza kichwa, na hakuwahi kuuliza vinakwenda wapi. Kitambaa ni kitambaa.

“Kwani imeenda wapi?”

Dereva akautaja mji. Ndiko alikohamia mwanawe wa pekee.

“Saa moja na dakika tano tu angani. Kilomita mia sita na kitu. Ukisinzia, unaamshwa ushuke.”

Harufu ya kuungua ndiyo iliyomzindua.

“Mama Pasi! Unatuchomea mali?” dereva alipiga kelele.

“Uzee huo, mwanangu. Nenda zako.”

Mwaka jana mumewe alipofariki, alimpigia mwanawe alfajiri. Mazishi yakasogezwa kutoka saa saba hadi saa kumi, mama mtu akiwasihi watu wamsubiri mtoto. “Ni mbali, mama,” mwana alisema mwishowe. “Kwa basi ni siku mbili. Na ndege haziji huku.” Mama akasimama mbele ya mashemeji akamtetea mwanawe mpaka koo likamkauka. Jamani, hamjui huko kulivyo mbali? Wakatazamana.

Sasa alimtafutia visingizio, na kila alichokishika kilimponyoka. Iliuma. Iliuma kuliko msiba wenyewe, maana msiba haukumdanganya.

Jumapili mwana alipiga simu, kama kawaida yake.

“Mwanangu, hivi huko ni mbali kiasi gani?”

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

“Mbali sana, mama. Wewe acha tu.”

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini akilitema, mwana ataona haya, na mwenye haya hapigi simu. Jumapili zenyewe ndizo pekee alizobakiwa nazo. Akalimeza.

“Ndivyo nilivyowaambia watu,” alisema. “Umekula lakini?”

Jumatatu alitazama saa ya ukutani mara kumi. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano, wakati ndege inapoondoka kule kurudi, alichukua kitambaa cha kwanza. Wenzake walipiga soga, wakamtania kwamba leo kanuniwa na pasi yake, yeye hakuitika. Alikuwa akihesabu vitambaa vingapi vinamtenga na mwanawe. Kumi. Ishirini. Mgongo ulimuuma, hakukaa.

Alikuwa kwenye cha arobaini mabati yalipotetemeka na ndege ikapita juu ya paa kwenda kutua.

Alisimamisha pasi, akajifuta jasho usoni kwa kiganja, akageuka kuutazama mlango, kana kwamba mwanawe angeingia.