Upepo Ndani ya Piano

Tangu yule jirani Mbelgiji aondoke kwa haraka mwishoni mwa mwaka wa tisini, piano aliyoiacha ilisimama sebuleni kwa Joselyne, pale Kimihurura, imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu. Kitambaa kilifumwa na Donatille, mama yake Joselyne. Yeye ndiye pia aliyejua kwamba Joselyne akishatoka kwenda ofisini, mjukuu wake Belyse, binti wa Joselyne wa miaka sita, hukiinua pembeni na kuzitafuta kwa kidole kimoja nyimbo alizozisikia misani. Akiipata sauti, anacheka peke yake. Donatille aliogopa jambo moja tu: asije mwalimu wa kukifukuza kicheko kile.

Joselyne alitaka mwalimu wa kuonyesha wageni.

Wa kwanza kuja alikuwa Illuminée, msichana aliyefundisha watoto wadogo kwa masista. Hakupiga chochote. Alikaa chini kwenye mkeka, akasema, "Belyse, niimbie kitu, halafu tukitafute kilikojificha." Wakakitafuta, wakacheka wote wawili, mpaka Fanta aliyofunguliwa ikaisha gesi.

Alipoondoka, Joselyne alibetua midomo. "Mama, umemwona? Hata hakupiga! Mwalimu gani huyo anayefundishwa na mtoto?"

"Labda vidole vimechoka," alisema Donatille, akiendelea kufuma.

Wa pili alikuwa Niyonzima, mpiga kinanda wa parokia, tai shingoni. Kinanda cha kanisani ni kile cha kukanyaga: usipokanyaga, upepo hauingii, na bila upepo hakilii. Niyonzima alikuwa amezeeka nacho, kingine hajagusa. Akaketi mbele ya piano, akaanza wimbo, na miguu nayo ikashika kazi kwenye vikanyagio, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayepandisha baiskeli mlimani na mzigo wa ndizi nyuma. Jasho likamtoka. Maua ya plastiki yakacheza.

"Unaona, Mama!" alinong'ona Joselyne. "Huyu anapiga mpaka na miguu. Yule hata mikono hakutumia."

Donatille alijiziba mdomo kwa pindo la kitenge.

Belyse akapandishwa kitini. Miguu ikaning'inia. Niyonzima akainama, akaitazama, akasikitika.

"Haifiki. Bila upepo mtoto hatatoa sauti."

Belyse akabonyeza. Piano ikalia, tena vizuri.

Donatille akamtazama mwalimu, mwalimu akaitazama piano.

"Huo," alisema mwishowe, "ni upepo wangu uliobaki."

"Kweli, Mwalimu, ulikanyaga sana," aliitikia Joselyne. Alikuwa ameshamchagua, na mgeni hakosolewi chupa yake ikiwa bado mezani.

Ikaamuliwa hivyo: Niyonzima ndiye mwalimu, ataanza miguu ikifika. "Miaka mitatu, minne," alisema. "Mlisheni vizuri."

Wakamsindikiza hadi barabarani, kama ipasavyo. Waliporudi, Donatille alisema taratibu, "Umechagua vizuri, mwanangu. Ila piano italala miaka yote hiyo? Si tumwite yule Illuminée awe anaiamsha amsha?"

"Lakini asijiite mwalimu."

"Ajiite nani? Wa kufuta vumbi tu."

Basi Illuminée akaanza kuja kila Jumamosi kufuta vumbi, na kicheko kikasikika mpaka jikoni.

Niyonzima naye alikuja kila Noeli na kila Pasaka kupima miguu. Belyse alirefuka kama watoto wote, lakini Donatille alikuwa amemshonea mto wa kukalia, na kila alipoona vidole vya miguu vinakaribia vikanyagio, alifumua pembeni akaongeza pamba.

"Bado," alisema Niyonzima Pasaka ya pili, akiinuka kwa shida.

"Bado," alikubali Donatille, akimmiminia chai. "Ukoo wetu hurefuka polepole, Mwalimu."

Juu ya mto wake, Belyse akapiga wimbo mzima kwa mikono miwili. Niyonzima alisikiliza, kikombe hewani, macho yakamlowa.

"Upepo wangu huo," alimwambia Joselyne. "Mwaka mzima, na bado umo!"