Robota Lenye Jina la Martina

Asubuhi ile polisi walikuwa wamekwisha kupita mara mbili wakikagua pasipoti, na mimi Bimdogo, mwenye viza hai kabisa, nilikuwa nikipapasa mkoba wangu kila nikisikia buti. Mwaka 2009 Guangzhou, huko China, ilitufanya sote tuwe hivyo. Hata mtu halali alitembea kama mwizi wa kuku.

Tulikuwa ghalani tukipakia kontena letu la pamoja, kila Mtanzania na marobota yake, na lori lilitakiwa liondoke kabla ya adhuhuri kwenda bandari ya Nansha. Dereva hakuacha kupiga honi. "Laoban, kuai, kuai," alituhimiza, yaani bosi, haraka, haraka, na mabosi wenyewe tulikuwa tumelowa jasho.

Kiongozi wetu alikuwa Martina, mwanamke wa Mbeya asiye na maneno matamu. Tulimchagua baada ya kontena la mwaka uliopita kuzuiwa Dar kwa sababu mmoja wetu alificha saa za bandia. Yeye akaweka sharti moja: mwenye robota alifungue mwenyewe mbele ya wenzake, mpaka chini, na atakayekutwa na magendo anatoka kundini, yeye na mizigo yake yote. Tangu hapo, wakala wa forodha wa Dar akisikia ni kontena la Martina, alitulia. Jina lake ndilo lililotubeba.

Sasa robota moja lilibaki bila mtu. Shedrack, kijana wa kwao Martina, alikuwa amekamatwa alfajiri kwa viza iliyokwisha muda, na sote tulijua anarudishwa nyumbani. Alituma ujumbe mmoja tu: dada, nipakilie jinzi zangu, sina kingine cha kurudi nacho. Abdulwakil wa Kariakoo akasema liachwe, maana mwenyewe hayupo kulifungua. Alisema leo tukimhurumia Shedrack, kesho kila mtu atakuja na Shedrack wake.

Martina alilizunguka lile robota, akaenda mlangoni, akarudi. Mara akachukua kalamu nene, akalifuta jina la Shedrack kwa mstari na kuandika lake.

"Sasa lina mwenyewe," alisema, akakata kamba.

Nilimwonea fahari. Jinzi za viwanda vya Xintang zikatoka, safu baada ya safu. Chini kabisa, ndani ya miguu ya suruali, zikatoka simu za bandia zenye nembo ya kampuni kubwa.

Tulipigwa na butwaa. Shedrack angekuwa mbele yangu ningemzaba kofi. Abdulwakil ndiye aliyezinduka kwanza, akasema simu zitupwe, tufunge mzigo, hakuna aliyeona kitu. Wote tukaitikia, na mimi nikiwemo. Tulimhitaji Martina kuliko tulivyolihitaji sharti lake.

"Jina lililoandikwa hapo ni la nani?" Martina aliuliza.

"Dada, sote tunajua mzigo si wako," Abdulwakil alisema.

"Nimeuliza jina."

Martina akapanda kontenani, akaanza kuteremsha marobota yake mwenyewe, nguo za msimu mzima. Nilimfuata nikimnong'oneza kwamba ana kichwa kigumu, kwamba polisi watarudi wamkute na simu zile, kwamba hakuna atakayemshukuru. Alinisogeza kwa bega na kuendelea kuvuta. Nilitamani kulia kwa hasira.

Honi ikalia tena. Abdulwakil akashika uongozi, akapaza sauti kwamba muda umekwisha, robota lililobaki lipande hivyo hivyo bila kufunguliwa. Na hilo lilikuwa langu. Wabebaji wa ghala walikwisha kulishika. Martina alikuwa nje, amekaa juu ya mizigo yake, hana tena cheo cha kunidai chochote, wala hakunitazama.

Niliwalaani kimoyomoyo wote wawili, yeye na Shedrack. Kisha nikawaambia wabebaji waliteremshe. Nikaliburuta mpaka mlangoni, Martina alipoweza kuliona, nikakata kamba, nikatoa nguo moja moja mpaka chini.