Mfasiri wa Wapenda Kutishwa

Jambo ambalo Mwalimu Joash hakuligundua, na alipaswa kuligundua tangu asubuhi ile ya Jumapili, mwezi wa Agosti mwaka 1974, ni kwamba mwanamke aliyeketi safu ya tatu hakuwa amevaa vazi la mashindano ya mavazi ya kutisha. Moshi mwembamba ulikuwa ukimtoka mabegani. Ngozi ya mkono wake wa kushoto ilikuwa imebanduka hadi kwenye kiwiko, na nywele zilikuwa zimesalia upande mmoja tu wa kichwa. Joash, aliyepewa kazi ya kuwapima washindani, alimtazama kwa utulivu, akampa alama nane kwa kumi, na pembeni akaandika: kazi safi, ila moshi umezidi.

Mkutano ule ulikuwa wa Chama cha Wapenda Sinema za Kutisha cha Nyamira. Ulifanyika Jumapili kwa sababu nusu ya wanachama walikuwa Waadventista na Jumamosi yao ilikuwa na mwenyewe. Wazee wa kanisa walikuwa wamekataza sinema; mkutano wa kuzungumzia sinema hawakuwa wameukataza popote kwa maandishi. Mwenyekiti Ondieki, mwenye bucha, alileta ndoo mbili za damu ya ng'ombe. Nyasani, fundi cherehani, alishona majoho meusi kumi na mawili. Jukwaani watu walikatwa vichwa kwa mapanga ya mbao, damu ikawarukia waliokaa mbele, na waliorukiwa wakawacheka waliokosa.

"Ng'ombe huyu alikufa kwa ugonjwa, Mwenyekiti?" aliuliza mtu mmoja akijifuta usoni.

"Kama ungekuwa unalipa madeni yako ningekuchinjia mzima," alijibu Ondieki, na ukumbi ukaangua kicheko.

Kazi halisi ya Joash katika Chama ilikuwa kufasiri. Filamu zilikuja zikisema Kiingereza, naye alisimama kando ya shuka jeupe, maikrofoni mkononi, akizigeuza kwa Kigusii, na kwa Kiswahili ikiwa kuna mgeni. Alisifika kwa upole wake. Zimwi lilipomrarua msichana koo, Joash alisema, "Hapa mambo yanakuwa magumu kidogo." Maneno mazito aliyaacha njiani, na hakuna mtu aliyewahi kuyadai.

Mwaka huo alikuwapo pia Thadeus, mpiga filamu kutoka Nairobi, aliyekuja kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu mkutano wenyewe. Aliweka kamera mbele ya ukuta mtupu uliopakwa chokaa, akawaita wanachama mmoja mmoja na kuwauliza swali lile lile: ni nini kilichowahi kukutisha kuliko vyote? Mchana, zamu ilipomfikia yule mwanamke wa safu ya tatu, aliketi kwenye kigoda akazungumza kwa Kigusii kwa dakika kumi na moja. Thadeus, asiyejua Kigusii, aliitikia kwa kichwa kwa adabu hadi mwisho. Joash alikuwa nje wakati huo, akinywa chai. Aliporudi, mwanamke alikuwa akiondoka, na walipopishana mlangoni alisema, "Habari za darasa, Mwalimu?" Hapo ndipo Joash alipomtambua. Alikuwa Mokeira, mjane wa Itumbe, aliyezikwa mwezi wa Juni.

"Ni nzuri, Mama," Joash alijibu, akampisha apite.

Filamu ilirudi kutoka Nairobi mwishoni mwa Septemba. Thadeus aliandika barua fupi. Alisema kazi imetoka vizuri, isipokuwa kwamba katika sehemu ya yule mama ukuta wa chokaa haukuonekana. Mahali pake palionekana boma, mgomba, na watu wengi. Hakujua jinsi ilivyotokea, lakini mwanga ulikuwa mzuri kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo ameiacha vivyo hivyo.

Siku mbili kabla ya kuonyeshwa, Nyamoita, binti wa Mokeira, alimfuata Joash hadi kwake. Hakuketi.

"Mwalimu, wamenipa hadi Alhamisi niondoke," alisema. "Ondieki anasema mama aliniachia uchawi wake. Eti ng'ombe wake wanakufa kila ninapochuma chai."

"Hamia kwa mjomba wako kwa muda."

"Nikihama, keshoye Ondieki ataweka mpaka kwenye chai yetu. Na nikibaki ataniweka pale alipomweka mama." Alijifunga kanga upya. "Nimesikia kuna ofisa wa serikali atakayekuja Jumapili, mtu wa pwani. Na nimesikia mama amesema kila kitu ndani ya filamu hiyo. Wewe ndiwe utakayefasiri. Nakuomba jambo moja tu: usiache neno lake hata moja."

"Sitaacha neno," alisema Joash.

"Watu wote wanajua wewe huacha."

"Hili sitaliacha."

Jumapili ukumbi ulijaa saa nane mchana. Mapazia yalifungwa. Ofisa aliketi kiti cha mbele chenye mto, Ondieki kulia kwake. Nyamoita alisimama nyuma, karibu na mlango. Mokeira alifika akiwa amechelewa, na watu wa safu ya tatu walisogea ili apate nafasi, kila mmoja akivuta nguo yake isiungue.

Wanachama walijiona shukani na kupiga vigelegele. Kisha akatokea Mokeira kwenye kigoda, na nyuma yake lilikuwa boma lake la Itumbe, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Alianza kusema, na kila alichokisema kilionekana kikitendeka. Joash alishika maikrofoni.

"Anasema walikuja asubuhi, wakati wa kuchuma chai," alifasiri. "Anasema aliyetangulia ni Ondieki, na alikuwa na panga la bucha."

Shukani Ondieki alimpiga Mokeira kwa ubapa wa panga shingoni, kisha kwa makali kwenye goti. Goti lilifunguka. Mokeira alianguka, akatambaa kuelekea jikoni, na wale waliomfuata walimvuta kwa nywele.

"Anasema aliyemfunga mikono ni Nyasani, kwa utepe wa kupimia nguo."

Nyasani alionekana akikaza fundo kwa meno. Walimsukuma ndani, wakakomea mlango kwa mti, wakapanda wawili juu ya paa la nyasi na mafuta ya taa. Moto ulishika kwa sauti kama ya mvua. Mokeira alipiga mlango kwa kichwa. Mara tatu mlango ulitikisika. Mara ya nne, utepe ukiwa umeungua, mkono wake wa kushoto ulipita kwenye nafasi ya chini, ukiwaka, na Ondieki akaukanyaga hadi mifupa ya vidole ikatoa sauti. Joash alifasiri yote hayo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulainisha hata kitenzi kimoja.

Nyuma ya ukumbi Nyamoita alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Ofisa aliinama mbele, viwiko magotini. "Simamisheni," alisema. Mashine ikasimama, picha ikatulia. "Bwana Mwenyekiti, huyu ni wewe?"

Ondieki alisimama, akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo. "Ni mimi, mheshimiwa."

Nyasani naye akasimama, safu ya pili, na watu wakampigia makofi. Ofisa alisita, akatazama huku na huko, kisha naye akapiga makofi, taratibu.

"Mmeigiza vizuri mno. Nilikaribia kuamini." Lakini hakuonekana ameridhika. Alinyoosha kidole kwenye shuka, juu ya moto, juu ya mgomba, mahali palipoonekana ukuta wa shule iliyopakana na boma. Katika dirisha la darasa palikuwa na mkono wenye shati jeupe, ukilivuta dirisha kulifunga. "Huyu haigizi. Huyu anatazama. Mama anasema ni nani? Kama yupo mtu aliyeona mambo haya yakitendeka naye si mchezaji, ningependa kuzungumza naye leo hii."

Mashine iliwashwa tena. Mokeira wa shukani alisema kwa Kigusii, polepole, kama mtu anayetoa imla: "Huyo ni Mwalimu Joash. Nilimwita kwa jina. Alifunga dirisha kwa sababu darasa la saba walikuwa wakiandika."

Ukumbi wote ulielewa, isipokuwa mtu mmoja. Ukumbi wote ukageuka kumtazama mwenye maikrofoni. Joash alikumbuka kwamba imla ya siku hiyo ilikuwa na maneno ishirini, na kwamba alikuwa amefika neno la kumi na nne. Alikumbuka kwamba lilikuwa neno rahisi na mtoto mmoja tu ndiye aliyelikosa. Ondieki alikuwa amegeuza kiti chake na sasa anamtazama, bila hasira, kama mtu anayesubiri mteja aamue nyama anayoitaka.

"Anasema nini?" aliuliza ofisa.

"Anasema hamjui mtu huyo," alisema Joash. "Anasema ulikuwa upepo."

Mlangoni, Nyamoita aliiachia kanga ikaanguka. Mokeira, safu ya tatu, hakugeuka. Moshi wa mabegani mwake uliongezeka kidogo, na jirani yake akafungua dirisha.

Ofisa alisema hiyo ni dosari ndogo ya uhariri. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Ondieki kikombe cha uigizaji bora, naye Ondieki alikiinua juu kwa mikono miwili. Nyamoita alikuwa ameshatoka.

Hakuhama. Alhamisi, saa nne asubuhi, waliikomea nyumba yake kwa mti. Watu wa Itumbe wanasema alipiga mlango mara nyingi kuliko mama yake, kwa kuwa alikuwa na nguvu zaidi. Siku ya Ijumaa Ondieki aling'oa mawe ya mpaka na kuyapanda upya upande wa chini wa shamba la chai.

Baada ya hapo Mwalimu Joash hakushika tena maikrofoni, na Chama cha Nyamira kikazoea kutazama filamu zake bila mfasiri.