Taa ya Kioo Kutoka Malaba

Nilipofika kwenye yadi ya kaunti pale Busia, mwanangu Alupo akiwa mgongoni, nilisikia nyundo ikilia. Nikakimbilia ndani.

"Pole, Mama Alupo," akasema Mzee Emukule, mtunza stoo. "Barua zako za kuomba ile taa tulizipata, zote tatu. Lakini kamati ilitia taa zote kuukuu kwenye loti moja, na loti haigawanywi. Huyu boss ndiye ameshinda mnada."

Boss mwenyewe, Oduori wa vyuma chakavu, alikuwa amekalia ndoo akivunja taa za barabarani. Kioo chini, alumini kwenye gunia.

Mimi hukusanya taa zilizostaafishwa. Nyumbani ninazo nne, moja ya Rukala ambayo imeona mafuriko mengi kuliko mimi. Mume wangu husema wanawake wengine huweka vikombe kabatini. Lakini ile ya kioo cha duara, iliyomulika foleni ya malori Malaba, sikuwa nayo. Nyingine zote za aina yake zilishavunjwa. Hii ya mwisho ilikuwa chini ya rundo, bado imefungwa kwenye mkono wake wa chuma.

"Boss, ile usivunje. Niuzie."

"Utaiweka wapi? Kwani kwako kuna barabara?"

Vibarua wakacheka. Nikacheka pia, ningefanya nini.

"Siuzi moja moja," akasema. "Lori linaondoka saa nane."

Nikachungulia gunia lake. Alumini ilikuwa imechanganyika na vipande vya kioo, skrubu na mipira ya kuzibia maji.

"Ukipeleka hivi, kwenye mizani watakukata kwa uchafu. Mimi nimesomea umeme, masomo ya jioni. Nipe bisibisi nikufungulie zote zilizobaki, zitoke safi. Malipo yangu ni ile moja."

"Fungua moja nione."

Skrubu nne, kifuniko, kioo pembeni. Yeye alikuwa bado anachokora vigae vya kioo kwenye gunia lake. Akaweka nyundo chini.

Mzee Emukule akampokea Alupo na kumwimbia Kiteso. Mimi nikafungua taa mpaka vidole vikawa vyeusi. Saa saba na nusu ilibaki yangu tu, na boliti za ule mkono zilikuwa zimeshikwa na kutu.

"Mkono ni chuma, huo ni wangu," akasema Oduori. "Nigonge kidogo?"

"Ukigonga, kioo kimeenda!"

Dereva akapiga honi. Nikatoa mafuta ya mtoto kwenye mkoba, nikazipaka boliti zote, halafu nikakaa kumnyonyesha Alupo ili mafuta yaingie.

"Sasa hii ni taa ama ni mtoto wa pili?" akauliza Oduori, lakini alimwinulia dereva kiganja: ngoja.

Boliti ya kwanza ikazunguka. Ya pili ikakataa, ikalia kama mlango, ikazunguka. Nikaipokea taa kifuani, nzima. Ndani ya kioo kulijaa mbawa za kumbikumbi, za mvua nyingi sijui ngapi.

"Utaosha hao wadudu?"

"Siwatoi. Hao ni wa Malaba."

Oduori akatikisa kichwa, akavua sweta yake na kuifunga nayo taa ile vizuri, kisha akatoa simu.

"Nipe namba yako, dada. Ijumaa nina loti nyingine, na mikono ya kazi kama yako siiachi."

Nikamtajia polepole aandike mwenyewe, maana mikono yangu ilikuwa imejaa: mtoto huku, taa huku.