Mdhamini wa Mjomba Basi

Mama Sare hakumpenda yule mwanasaikolojia tangu alipomwona anaingia kwenye kizimba cha mashahidi na kimkoba chake kwapani.

"Shahidi gani huyu?" alimnong'oneza mwanamke asiyemjua, waliyekaa naye benchi moja. "Yeye mwenyewe hakuwepo, mdogo wangu hamjui, halafu aje atuambie yaliyotokea? Labda anapiga ramli!"

Yule mwanamke akavuta mkoba wake, akasogea pembeni kidogo.

Mama Sare, kama humjui, ni fundi cherehani. Sare za shule za mtaa mzima zinapita mikononi mwake. Mshtakiwa alikuwa mdogo wake, tumbo moja, dereva wa basi la shule ambaye watoto wote walimwita Mjomba Basi. Alishtakiwa kumharibu binti wa nesi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Mama Sare ndiye aliyemdhamini, na tangu atoke rumande alikuwa akikaa kwake, chumba kinachopakana na cha binti yake wa miaka kumi. Siku mtoto wa nesi alipotoa ushahidi milango ya mahakama ilifungwa, hata yeye hakusikia neno. Leo ilikuwa wazi, naye alikuja kusikiliza huku ameshaamua.

Mwendesha mashtaka aliuliza mtoto hurubuniwa vipi. Mwanasaikolojia akajibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Watu hawa hawaanzi na ubaya, alisema. Wanaanza na wema, tena mara nyingi si kwa mtoto. Wanaanza na wakubwa wake, mpaka wakubwa wenyewe wamwachie mlango wazi.

Upuuzi mtupu, alisema Mama Sare moyoni. Basi kila mwenye roho nzuri afungwe! Si nesi mwenyewe aliyekuwa akimbembeleza Mjomba amwangalizie mtoto yeye akiwa zamu? Akashukuru mpaka ulimi ukakauka. Leo wema umekuwa kesi, loo!

Wakili wa utetezi akainuka, suti imembana tumboni. "Umewahi kuzungumza na mteja wangu?"

"Hapana."

"Unajua kama alitenda au hakutenda?"

"Sijui, na hiyo ni kazi ya mahakama. Mimi nimeitwa kueleza kwa nini mtoto anaweza kunyamaza muda mrefu, na kwa nini watu wazima walio karibu wasione kitu."

Mama Sare nusura apige makofi. Kajimaliza mwenyewe! Wakili angekaa hapo hapo, siku ingekuwa yao. Lakini watu wa maneno bwana, kunyamaza ni adhabu kwao.

"Huyu mtoto ana mama yake," wakili akaendelea. "Kama kweli alikuwa anaonewa, si angesema?"

"Wengine husema," alijibu mwanasaikolojia. "Ila wanakuta wameshatanguliwa. Yule mtu ameshawaambia wakubwa, kwa utani au kwa huruma, kwamba mtoto huyu siku hizi ana uongo. Mtoto akifungua mdomo, kesi yake imeshakwisha."

Maneno hayo Mama Sare aliyajua. Mwaka jana, kabla ya yote, Mjomba alimwambia huku anakunywa chai, "Dada, huyo binti wa nesi mwongo kweli, mwangalie sana." Naye Mama Sare, mdomo wake ulivyo mwepesi, aliwapa habari hiyo wateja wote waliokuja kupimwa sare.

Hilo angeweza kulimeza. Lakini wiki iliyopita Mjomba alisema tena, "Dada, na huyu wako naye kaanza uongo, sijui kaiga kwa nani." Siku mbili baadaye binti yake akaja jikoni, akasema Mjomba anaingia chumbani kwake bila kubisha hodi. Mama Sare alimzaba kofi. Akampeleka akaombe radhi, mtoto akaomba macho chini, na Mjomba akacheka akampa peremende.

Mungu wangu. Alimpeleka kwa mkono wake mwenyewe.

Hakimu alikuwa ameshapanga tarehe nyingine. "Dhamana ya mshtakiwa inaendelea," alisema.

"Haiendelei!" Mama Sare alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, mimi ndiye mdhamini. Najitoa."

Minong'ono ikazuka. Mjomba Basi akageuka kizimbani na lile tabasamu lake la kupendwa na kila mtu.

"Mheshimiwa, msamehe dada yangu," alisema kwa huruma. "Siku hizi presha inampanda, anasema vitu ambavyo havipo."

Kama Mama Sare alikuwa na chembe ya shaka, iliishia pale. Alimtazama ndugu yake waliyenyonya naye ziwa moja, akaogopa.

"Nina akili zangu timamu," alimwambia hakimu. "Nyumbani kwangu harudi."

Hakimu alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Kisha askari akamshika Mjomba mkono, wakapita mlango wa nyuma.

Nyumbani, Mama Sare alimkuta binti yake kwenye chumba cha cherehani, bado na sare ya shule, anakata nyuzi zilizoning'inia kwenye pindo. Akakaa chini sakafuni karibu naye.

"Mwanangu, uliniambia Mjomba anaingia chumbani kwako bila hodi."

Mtoto akatazama mlango kwanza. "Nilidanganya, mama. Si nilishaomba radhi?"

"Hukudanganya. Nilikupiga bure, mimi ndiye nakuomba radhi. Mjomba harudi leo. Niambie tena, yote, nakusikiliza."

"Na kesho harudi?"

"Hata kesho."

Mtoto akaweka mkasi chini.

"Basi funga mlango kwanza, mama."